Mayai 23, vifaranga 13: kisa cha kuku wawili walioatamishwa pamoja

Kisa hiki kilitokea katika kijiji kimoja cha mkoa wa Dodoma, kati ya Mei na Juni. Mfugaji ameridhia kiandikwe. Jina nililompa, Mama Neema, si lake, na mambo ambayo yangemtambulisha nimeyaondoa. Nimekichagua kwa kuwa ni kisa cha kawaida kabisa: mwewe hakuvamia kiota, ugonjwa wa kideri haukuingia, kuku wote wawili waliatamia hadi mwisho, na bado mayai kumi hayakutoa kitu. Matokeo kama hayo wengi wetu humtupia lawama jogoo, au tunasema kuku fulani ana mkosi. Ukifuatilia yai moja moja, lawama inahama.

## Usuli

Mama Neema ana matetea tisa na jogoo mmoja, wote wa kienyeji. Mchana wanajitafutia, usiku wanalala kwenye banda la fito na udongo. Miaka yote walikuwa wakitaga wanapopenda: chini ya ghala, nyuma ya mtungi, hata kwenye kapu la nguo chafu. Tetea akitoweka ilijulikana amekwenda kuatamia. Akirudi na vifaranga wanane, Mungu ashukuriwe. Akirudi na wawili, basi.

Shida yake haikuwa uchache wa vifaranga tu, ilikuwa pia kupishana kwao. Daima uwanjani kulikuwa na wa juzi, wa wiki tatu na wa miezi miwili. Chanjo ya kideri aina ya I-2, ambayo wafugaji wa vijijini tunaitegemea kwa kuwa inavumilia joto kuliko nyingine, hutolewa kwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa kaya moja, na ikishafunguliwa haiwekwi akiba ya mwezi ujao. Ukiwa na vifaranga wa rika nne, hakuna siku utakayowapata wote wamefikia zamu pamoja, na wanaokosa ndio kideri kinaowaanzia.

Kwa hiyo lengo lilikuwa moja: kundi la vifaranga wa rika moja, waanguliwe mwanzoni mwa Juni, uwele na mtama vikiwa vimeshavunwa na punje zimejaa uwanjani, ili majogoo yafikie kuuzwa Desemba. Mimi nilikuwa namtembelea kama mtoa huduma za mifugo. Mashine ya kutotolesha tuliifikiria kwa dakika chache tu. Umeme wa pale unakatika, na mayai yake hayakufika hata thelathini. Kuku wanaojua kazi alikuwa nao.

## Kumsubirisha kuku wa kwanza

Tetea mweusi, mkubwa wa mwili, aliyekwisha kuangua mara mbili, ndiye aliyeanza. Dalili zilikuwa dhahiri: ameacha kutaga, hatoki kiotani, ukimsogelea anafutua manyoya na kuguna, na ukimwinua unakuta kifua chake kimebaki ngozi tupu ya moto. Huyo nitamwita Mweusi. Chini yake kulikuwa na mayai kumi na moja yaliyorundikana kwa muda usiojulikana.

Hapo ulikuja uamuzi wa kwanza, na Mama Neema aliupinga. Nilimwomba ayatoe yote.

"Mwanangu, kuku amekubali mwenyewe, wewe unamnyang'anya?"

Sababu ni hizi. Yai halianzi kukua siku linapotagwa. Linaanza siku linapopata joto la mfululizo. Mayai kumi na moja yaliyotagwa kwa wiki mbili na zaidi, mengine yakiwa yamelaliwa saa kadhaa kila siku wenzake wakitagwa, hayawezi kuanguliwa siku moja. La kwanza litatoka, la pili litafuata, na kuku mwenye vifaranga vinavyolia hakai kiotani kusubiri la kumi na moja. Isitoshe, yai likikaa zaidi ya siku saba hadi kumi uwezo wake wa kuangua unashuka, na kwenye joto la mchana la Dodoma unashuka mapema zaidi. Kumi na moja hayo yakaenda jikoni. Yaliyokuwa yameshaanza kukua walipewa mbwa.

Mweusi aliwekewa mayai mawili ya kuchemsha ili asikate hamu. Akayalalia. Wakati huo mayai mapya ya matetea waliokuwa wakitaga yaliokotwa kila jioni na kuwekwa kwenye chungu kipana chenye mchanga, pembe ya chumba isiyopigwa na jua, upande butu ukiwa juu. Hayakuoshwa. Yai lina utando mwembamba wa nje unaoziba vitundu vya ganda dhidi ya vijidudu, na maji huuondoa. Lenye kinyesi kikavu lilikwanguliwa taratibu kwa ukucha. Lililochafuka sana halikuchaguliwa.

Baada ya siku tisa tetea wa pili, mdogo, wa madoadoa, ambaye nitamwita Madoa, akaanza kuatamia kwenye kapu chini ya ghala. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Jirani naye alileta mayai matano ya kuchi kwa bodaboda, kwa sababu Mama Neema alitaka damu mpya yenye mwili mkubwa. Hayo yalilazwa usiku mzima yatulie kabla ya kuwekwa.

Siku tisa kwa Mweusi ni nyingi. Kuku anayeatamia hula kidogo sana, hutoka mara moja kwa siku kwa dakika kumi na tano hadi thelathini, anakunywa, anakula, anaangusha kinyesi kikubwa chenye harufu, anaoga vumbi, anarudi. Ukimwongezea siku tisa kabla ya zile ishirini na moja, unakopa kwenye mwili wake. Tulikubali kwa sababu alikuwa mnene, na kwa sababu chombo cha mtama na maji kiliwekwa hatua mbili kutoka kiotani. Tetea mwembamba nisingemsubirisha hata nusu ya siku hizo.

## Mfuatano wa matukio

Jioni ya kuweka. Mayai 23 yalichaguliwa: ya ukubwa wa wastani, ganda zima, yasiyo na umbo la ajabu. (Kuna wanaochagua yaliyochongoka wakisema ndiyo yatoayo majogoo. Umbo la yai halina habari ya jinsia.) Yote yaliwekewa alama ya msalaba kwa mkaa. Mweusi alipewa 13, yakiwemo matano ya kuchi; Madoa, kwa udogo wake, 10. Kiota kilikuwa beseni lililotobolewa chini: safu ya udongo mkavu uliochanganywa na majivu, juu yake nyasi kavu na majani ya mwarobaini, katikati pamebonyea ili mayai yajikusanye. Kazi yote ilifanyika giza likiwa limeingia. Madoa alihamishwa na kupelekwa bandani, karibu na Mweusi.

Asubuhi iliyofuata. Madoa hayupo. Alipatikana chini ya ghala, amelalia kapu tupu. Alitoka alfajiri banda lilipofunguliwa. Ilipofika saa nne mayai yake kumi yalikuwa baridi kabisa. Mama Neema alitaka kuyabadilisha yote. Tuliyaacha. Kiinitete cha saa chache kinavumilia ubaridi mfupi kuliko kinavyovumilia joto kali, na hasara kubwa inayotarajiwa ni kuchelewa. Kapu la chini ya ghala likaondolewa, Madoa akarudishwa kwenye mayai na kufunikwa kwa tenga kwa siku mbili, akifunguliwa mara moja kila jioni atoke kidogo chini ya macho ya mtu. Siku ya tatu tenga liliondolewa. Hakutoroka tena.

Siku ya 7. Tulipima mayai kwa mwanga, usiku, kwa tochi ya simu iliyobanwa kwenye tundu la boksi la viatu. Yai lililo hai linaonyesha doa jeusi na mishipa myekundu inayotawanyika kutoka kwake. Kwa Mweusi mawili yalikuwa meupe matupu, moja likiwa la kuchi. Kwa Madoa moja jeupe, na jingine lenye duara la damu, yaani kiinitete kilianza kikafa. Yakatolewa manne, yakabaki 11 na 8.

Mambo mengine mawili yalionekana usiku huo. Chini ya Mweusi kulikuwa na mayai matatu yasiyo na alama: matetea wengine walikuwa wanaingia na kutaga humo humo. Na Madoa alikuwa na viroboto. Vilikuwa vimeng'ang'ania ukingo wa jicho na chini ya upanga, vyeusi, vimebanana kama punje za ulezi, na havikutoka kwa kupukutwa. Vilipakwa mafuta mazito ya mgando kwa ncha ya kidole, kichwani tu, kwa uangalifu yasifike kifuani, kwa kuwa mafuta yakigusa mayai yanaziba vitundu vya hewa. Nyasi za kiota chake zilibadilishwa na majivu mapya yakawekwa chini. Wengi wanaosema "kuku wangu alisusa mayai" hawajawahi kumgeuza wakamtazama uso.

Mayai matatu ya wageni yalitolewa, na Mama Neema akaambiwa aangalie viota kila jioni.

Siku ya 12 hadi 17. Msiba. Mama Neema alisafiri, nyumba akaiacha kwa mjukuu wa darasa la tano, ambaye maagizo yake yalikuwa maji na mtama. Alivitoa bila kukosa. Kufunua viota hakuambiwa.

Jioni ya siku ya 17. Mama Neema aliporudi alinipigia. Ndani ya beseni la Madoa kulikuwa na kuku wawili. Kishingo, tetea mwingine, alikuwa ametaga humo kwa siku kadhaa na sasa naye ameanza kuatamia, wakigombea nafasi. Yai moja lilikuwa limepasuka, ute na kiini vimetapakaa na kukaukia kwenye mengine matatu. Beseni lilikuwa na mayai 11 mazima, na alama za mkaa zilikuwa zimefutika karibu zote: kuku hugeuza mayai yake mara nyingi kwa siku, na manyoya yanasugua.

Bila alama ilibidi tochi iamue. Yai la siku ya 17 ni jeusi tii isipokuwa chumba cha hewa upande butu. La siku mbili tatu linapitisha mwanga. Saba yalikuwa ya Madoa, manne ya Kishingo. Matatu yaliyochafuka yalifutwa kwa kitambaa kikavu, na kilichoganda kikabaki kilipoganda.

Nilishauri yale manne yatupwe, kwa kuwa yatavuruga rika. Mama Neema alikataa: yai lenye damu halitupwi. Basi Kishingo akapewa beseni lake jikoni, na manne hayo. Mlango wa banda ukazibwa kwa wavu wa zamani wa samaki ili matetea wanaotaga wasiingie tena mchana. Wao wakawekewa boksi nje.

Siku ya 20 hadi 22. Kuanzia siku ya 18 hakuna aliyegusa kitu. Usiku wa siku ya 20 sauti zilisikika ndani ya maganda ya Mweusi. Jioni ya siku ya 21 alikuwa na vifaranga wanane, na asubuhi ya siku ya 22 akashuka nao uwanjani, akiacha mayai matatu nyuma.

Mama Neema aliyahesabu kuwa viza. Kabla hayajatupwa yaliletwa sikioni. Moja, la kuchi, lilikuwa na kitundu na kilio ndani. La pili, pia la kuchi, halikuwa na kitundu lakini lilitikisika likiwekwa kwenye sakafu laini. La tatu kimya. Mawili ya kwanza yaliwekwa papo hapo chini ya Madoa, ambaye mayai yake ndiyo kwanza yanaanza kutoboka. Hadi jioni lile lenye kitundu lilikuwa limetoa kifaranga. Lile la pili halikutoboka kamwe.

Kwa Madoa wanne walitoka. Kwenye yai jingine kitundu kilikaa saa nyingi bila kupanuka, na mjukuu akaona huruma, akaanza kulimenya. Utando ukachanika, damu ikatoka, kifaranga kikafa kabla ya usiku. Mayai mawili ya mwisho, tulipoyapasua kesho yake, yalikuwa na vifaranga kamili waliokufa ndani. Yote mawili yalikuwa kati ya yale yaliyopakwa ute.

Usiku wa siku ya 23. Vifaranga watano waliokuwa kwa Madoa waliingizwa gizani chini ya mabawa ya Mweusi. Asubuhi alitoka na 13 bila kumdonoa hata mmoja. Madoa alilia siku mbili, kisha akarudi kwa wenzake. Wiki tatu baadaye alikuwa anataga.

## Matokeo

Kati ya mayai 23, 13 yaliangua. Ukiondoa manne ya siku ya 7, ni 13 kati ya 19 yaliyoonekana yana uhai. Kwa kuchi, watatu kati ya watano. Kishingo, nje ya hesabu hii, alipata wawili, waliopishana siku mbili kutoka.

Vifaranga wote 13 walipata tone la chanjo wiki ya kwanza, siku ambayo majirani watatu walileta kuku wao na chupa ikaisha yote. Usiku na saa za mwewe walifunikwa kwa tenga pamoja na mama yao kwa wiki nne. Mmoja alizama kwenye sahani ya maji kabla haijajazwa mawe, mmoja alidhoofika akafa bila sababu tuliyoijua, mmoja mwewe alimchukua tenga lilipoanza kuachwa. Walipofika wiki nane walikuwa 10.

## Uchambuzi

Tuanze na yale kumi, kwa kuwa ndiyo yenye somo.

Matatu yalikuwa meupe. Kwa jogoo mmoja na matetea tisa idadi hiyo haishangazi, na siwezi kuapa kwamba hayakurutubishwa. Kwa tochi ya simu, yai lililokufa saa za mwanzo na yai lisilo na mbegu yanafanana. Moja kati yao lilikuwa limepanda bodaboda. Kwa hiyo jogoo, mshtakiwa wa kwanza wa kila mfugaji, anatoka mahakamani na mayai matatu kati ya kumi, pengine pungufu. Lile la duara la damu linaweza kuwa la asubuhi ile ya baridi, linaweza pia kuwa yai lililokaa sana chunguni, nililiacha hapo.

Sita yaliyobaki yalikufa baada ya wiki ya kwanza, na nusu yake inatokana na jambo moja tu: matetea wanaotaga kuruhusiwa kufika kwenye kiota kinachoatamiwa. Moja lilipasuka, mawili yalizibwa na ute. Yai linavuta hewa kupitia ganda, na siku za mwisho kifaranga anaihitaji kuliko wakati wowote. Ute ukikauka juu ya ganda unaziba vitundu, na ni chakula kizuri cha bakteria pia. Kuosha kusingesaidia, maji yangeingiza uchafu ndani zaidi. Dawa ilikuwa kuzuia yai lisipasuke, na kizuizi kilikuwa wavu ule uliowekwa siku ya 17. Ulikuwa umetundikwa ukutani tangu mwanzo. Usiku wa siku ya 7 tulipoona mayai matatu ya kigeni, jibu lilikuwa kukagua kila jioni, yaani tulitegemea mtu mahali ambapo mlango ungefanya kazi bila kuambiwa. Mtu akaenda msibani.

Mkaa ni mdogo kwa gharama lakini ulikaribia kutuponza. Kalamu ya risasi inadumu. Kalamu za wino wenye harufu kali siziamini juu ya ganda linalopitisha hewa. Bahati ni kwamba tofauti ya siku ilikuwa kubwa. Mayai ya kigeni yangeingia siku ya 3, tochi isingeyatenganisha na ya Madoa ilipofika siku ya 17.

Kumhamisha Madoa usiku mmoja ilikuwa haraka mno. Kuku mzoefu kama Mweusi unaweza kumbeba na beseni lake. Tetea wa mara ya kwanza ameshikamana na mahali kuliko mayai, na njia yenye heri ni kumfungia mahali papya na mayai ya bandia siku mbili tatu, akitulia ndipo apewe ya kweli. Kwa kuwa tulikuwa na mayai ya kuchemsha tayari, hili halikuhitaji gharama yoyote.

Yai lililomenywa linaulizwa sana. Kifaranga akitoboa ganda kwa jino dogo lililo juu ya mdomo wake hupumzika saa nyingi, mara nyingi nusu siku na zaidi. Hajakwama. Anavuta ndani sehemu ya mwisho ya kiini, na mishipa ya utando bado ina damu inayorudi mwilini. Ukimenya kabla mishipa haijakauka unamkata. Mjukuu hakukosea kwa uzembe, na kumkemea kungemfundisha kuficha. Alionyeshwa lile ganda lenye damu kwa ndani na akaelewa mara moja.

Sasa yaliyofaulu. Kutoa yale kumi na moja ya mwanzo ndio uamuzi uliofanya mengine yote yawezekane. Vifaranga wanane walitoka chini ya Mweusi ndani ya siku moja, jambo ambalo rundo la zamani lisingelifanya. Kuatamisha wawili pamoja kulitupa pia mahali pa kupeleka mayai ya nyuma. Mayai makubwa huelekea kuchelewa kidogo, na ya kuchi yalichelewa. Kuku peke yake angeyaacha yafe, na asingekuwa na kosa, kwa kuwa vifaranga wanane wanaotaka kutembea wanamhitaji zaidi. Lakini tusijipongeze kupita kiasi: Madoa alikuwa bado kiotani kwa sababu mayai yake yalipata baridi siku ya kwanza na kuchelewa. Kosa lile ndilo lililookoa kifaranga wa kuchi. Anayetaka faida hiyo bila kosa ampe kuku wa pili mayai siku moja baada ya wa kwanza, kwa makusudi.

Kuunganisha vifaranga kulitimiza lengo kwa upande mwingine. Tetea anayelea huchukua miezi miwili, hata mitatu, kabla ya kutaga tena. Madoa alitaga baada ya wiki tatu. Masharti ya kuunganisha ni vifaranga wawe na siku moja au mbili, na iwe gizani. Ukichelewa wiki, kuku anawajua wake, na wageni wanaweza kuuawa.

Lipo nisilokubaliana na Mama Neema hadi leo, nalo ni mayai manne ya Kishingo. Yalitoa vifaranga wawili wa rika tofauti na kundi, wakakosa siku ya chanjo, na tetea mzima akafungwa miezi kadhaa kuwalea hao wawili, ambao mmoja alichukuliwa na paka. Kwa hesabu za mradi ni hasara. Yeye anasema amepata kuku mmoja ambaye mimi ningempa mbwa, na kwa uwanja wake hesabu hiyo nayo ni ya kweli.

Mabeseni ya kuatamia sasa yako nyuma ya kizuizi cha fito chenye mlango wake, na ufunguo wa banda yuko nao mjukuu, ambaye maagizo yake yameongezeka. Kati ya wale kuchi watatu wawili ni majogoo. Mmoja amebakizwa achukue nafasi ya jogoo wa zamani, ambaye amekaa pale muda wa kutosha kuwapanda mabinti zake mwenyewe. Wa pili amepangiwa soko la Desemba.